Mwili unahesabu jumla, jino linahesabu mara: niliyowaambia wanafunzi wa udaktari wa meno

Habari za asubuhi wadogo zangu. Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Walimu wangu mliokaa mbele, shikamooni. Na nyie wa mwaka wa nne na wa tano ambao mmetoka kliniki moja kwa moja bila hata chai, poleni sana, najua rikwaimenti, ile idadi ya kazi za wagonjwa mnayodaiwa kliniki, hazijaisha na mgonjwa uliyemngojea leo hajatokea.

Nimeombwa niongee kwa sababu tuko kwenye wiki ya Machi 20, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani. Kawaida wiki hii tunabeba mabango na miswaki ya kugawa tunaenda shule za msingi, tunawapanga watoto mstari, tunawaonyesha jinsi ya kupiga mswaki, na ni kazi nzuri kabisa msiiache. Ila leo nimeomba watoto watusubiri kidogo. Leo naongea na nyie juu ya vinywa vyenu na miili yenu nyie wenyewe, kwa sababu nimekaa na madaktari vijana wengi wa meno na kitu kimoja kinanisumbua moyoni, mtu anaingia chuo akiwa mzima anatoka na cheti, fizi zinatoka damu, kilo zimepanda kwa kasi, mgongo unauma, na hakuna mtu yeyote aliyewahi kumuuliza.

Hebu fanyeni hivi, kila mtu apitishe ncha ya ulimi nyuma ya meno ya mbele ya chini, upande wa ndani. Pole pole. Ukisikia pamekwaruza hapo basi ujue ni ugaga, hapo ndipo mate yanapotokea chini ya ulimi na madini yake yanagandisha ukoga, ule utando wa bakteria juu ya meno, haraka kuliko sehemu nyingine. Simwambii mtu anyooshe mkono. Jua tu mwenyewe.

Sasa niwape habari ambayo naona kila mwanafunzi wa meno angeambiwa siku ya kwanza anayofika. Mwaka 1965 kule Aarhus, Denmark, Harald Löe na wenzake walichukua watu 12 wenye fizi nzima wakawaambia waache kabisa kusafisha meno, hakuna mswaki hakuna chochote. Kati ya hao 12, tisa walikuwa wanafunzi wa udaktari wa meno wa mwaka wa kwanza. Watoto kama nyie. Kati ya siku ya 10 na ya 21 wote 12 fizi zilikuwa zimevimba, hakuna aliyenusurika. Wakarudishiwa miswaki, na kwa kama wiki moja hivi fizi zikarudi kawaida. Ushahidi mkubwa kabisa wa fani yetu kwamba ukoga ndio unaleta ugonjwa wa fizi, na ukiondoa ukoga fizi inapona, umetoka midomoni mwa wanafunzi wa meno. Na angalieni hilo neno wote. Fizi haikuuliza huyu anasomea nini.

Ila niwe mkweli, kusoma kunasaidia. Kuna Mjapani, Kawamura wa Hiroshima, alitengeneza dodoso la sentensi 20 za kukubali au kukataa, linaitwa HU-DBI, limepelekwa kwa wanafunzi wa meno nchi nyingi sana, na jambo linalojirudia ni kwamba wanafunzi wakishaingia kliniki tabia zao za kinywa zinakuwa bora kuliko wale wa miaka ya mwanzo ambao bado wako kwenye anatomia na baiokemia. Inaeleweka, ukishaona jino limelegea kwa mtu wa miaka 35 unarudi hosteli unatafuta mswaki wako. Lakini kwa uzito sioni kitu kama hicho kikitokea. Hakuna somo la mwaka wa tatu ambalo ukitoka unajikuta unakula vizuri zaidi. Tena mimi kwa macho yangu naona mambo yanaenda kinyume, kadri kliniki inavyobana ndivyo mlo unavyovurugika, na mlo ukivurugika meno nayo yanaanza kudai.

Hapa ndipo nataka tukae sana, manake ndio lililonileta.

Tumezoea kuwaambia watu sukari mbaya, basi, tumemaliza. Hiyo haitoshi kwa mtu anayesomea udaktari. Sukari inafanya kazi mbili tofauti mwilini mwako na hizo kazi zinahesabiwa tofauti. Mwili unahesabu jumla. Jino linahesabu mara. Ukiwa na hili kichwani unaweza kujipangia chakula chako mwenyewe bila kusubiri mtu akukataze.

Tuanze na jumla. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilisema sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu unayokula kwa siku, kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai, na ikishuka hadi nusu ya hapo ni bora zaidi. Haya sasa tuhesabu siku ya mwanafunzi. Chai ya asubuhi kwa mama ntilie vijiko vitatu, chai ya saa kumi vijiko vitatu, hiyo sita. Soda moja ya mililita 350 ina karibu vijiko tisa. Tumefika 15 na hatujagusa juisi ya ukwaju, hatujagusa halfkeki, hatujagusa energy ya usiku wa msuli, ule wa kukesha ukisoma. Na huyo mtu ukimuuliza atakwambia kwa dhati kabisa mimi sili vitu vitamu.

Tuje kwenye mara. Miaka ya 1940 kule Marekani Robert Stephan alipima ukali wa asidi kwenye ukoga baada ya watu kusukutua sukari, akakuta ndani ya dakika chache tu asidi inapanda, pH, yaani kipimo cha asidi, inashuka chini ya 5.5 ambapo ndipo jino linaanza kupoteza madini, halafu mate yanahangaika nusu saa mpaka saa nzima kurudisha hali. Mchoro wake mnaujua wote mmeuchora kwenye mtihani. Sasa chukua ile soda yako moja, ukiinywa na wali saa saba mchana dakika kumi umemaliza, jino limepigwa mara moja. Ukiiweka mezani maktaba saa mbili usiku ukawa unachukua funda moja kila baada ya kurasa mbili tatu mpaka saa tano, jino limekaa kwenye asidi karibu masaa matatu yote. Soda ni ileile. Mizani haitaona tofauti yoyote, ni kilokalori kama 150 kote kote, lakini meno yataona tofauti kubwa mno.

Na Waswidi walilithibitisha hili kwa njia ambayo lazima tuiseme ilivyo. Hospitali ya Vipeholm, kwenye utafiti ulioanza 1945, watu wenye ulemavu wa akili wasioweza kukataa walilishwa sukari makusudi, wengine tofi za kunata katikati ya milo, kuona meno yatafanyaje. Meno ya waliokula tofi katikati ya milo yaliharibika vibaya, ya waliopewa sukari pamoja na chakula hayakuharibika kwa kiwango kile. Ni jambo la aibu, watu wale walidhulumiwa, na sisi tunaotumia matokeo yake kila siku tuna deni kwao, angalau tuyatumie kweli.

Ukishaelewa jumla na mara, angalia vyakula vyetu upya. Soda isiyo na sukari, kwenye kilo iko sawa, lakini bado ina asidi yake inalainisha enameli, lile gamba gumu la nje ya jino, kwa hiyo ukiinywa mfululizo unakwangua meno taratibu hata kama haitoboi. Karanga ni kinyume chake, jino halina ugomvi nazo kabisa, ila gramu 30 tu, kiganja kimoja, zina kilokalori karibu 170, na mtu akiwa anasoma hali kiganja kimoja. Sikatazi karanga, tena ni bora mara mia kuliko halfkeki, nasema pima. Chipsi mayai sasa, mtu anaona hazina utamu basi meno yako salama, wakati wanga uliopikwa unang'ang'ania katikati ya magego na kimeng'enya cha mate kinauvunja kuwa sukari palepale, na mafuta yake yanajaza ile jumla. Mihogo ya kukaanga, sambusa, andazi, hesabu ni hiyohiyo. Juisi ya embe ya kuongezewa sukari inapiga kote kuwili. Maji hayapigi popote. Chungwa zima la kumenywa pale nje ya geti ni chakula kizuri, kula, maliza, sukutua maji, usipige mswaki hapohapo, subiri nusu saa hivi.

Mtu mwingine akiona kilo zimepanda anakata chai ya asubuhi. Nawaomba msifanye hivyo. Ukikata asubuhi, saa nne kwenye mapumziko ya leksha unanunua biskuti, saa sita pipi, saa nane soda kwa sababu mkono unatetemeka na una mgonjwa kitini. Jumla haijapungua na mara zimeongezeka, umepoteza pande zote.

Najua pia kuna suala la hela. Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, likitoka kuku na chipsi, bumu likiisha chapati moja na maji, na katikati hapo mwili unayumba. Wengine wenu hapa hamna uzito uliozidi, mna uzito pungufu, na mkisikia mada ya uzito mnaona haiwahusu. Inawahusu. Tafiti za kuoza kwa meno na uzito zimetoa majibu yasiyofanana, kuna zilizokuta wanene wana matobo mengi, kuna zilizokuta wembamba ndio wenye matobo mengi, na zingine pande zote mbili, na mimi hainishangazi kwa sababu mtu anayekosa mlo kamili anaishi kwa vitafunwa kama yule aliyezidisha. Wali maharage na mchicha kwa mama lishe bado ni chakula cha bei nafuu na kamili kuliko kifurushi chochote kinachong'aa dukani. Ukipata hela, lipia milo kwa mama lishe wiki mbili mbele, wengi wanakubali.

Kingine ni mitihani. Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1990 Renate Deinzer na wenzake waliwafuatilia wanafunzi wa udaktari wakati wa mitihani mikubwa, wakawalinganisha na wenzao wasiokuwa na mtihani, na waliokuwa kwenye mtihani walikutwa na ukoga zaidi na fizi zenye uvimbe zaidi. Hawa ni wasomi wa afya, nchi tajiri, mswaki upo maji yapo. Msongo peke yake. Na mkumbuke ule ugonjwa wa fizi unaokula ncha za fizi katikati ya meno, unanuka na kuuma ghafla, uliowapata sana wanajeshi kwenye mahandaki ya Vita ya Kwanza ya Dunia, vitabu vyetu vinawataja na wanafunzi wakati wa mitihani, kwa sababu vitu ni vilevile, kukosa usingizi, hofu, sigara, kula ovyo, kutopiga mswaki. Mkiona mwenzenu wa chumba wiki ya UE, mitihani ya chuo, analalamika fizi zinawaka moto msimcheke, mpelekeni kliniki.

Usingizi tunauchukulia kama kitu cha ziada, kikibaki muda. Mwaka 2004 pale Chuo Kikuu cha Chicago, Karine Spiegel na wenzake walichukua vijana wa kiume 12 wazima, wakawalaza masaa manne tu kwa usiku mbili, halafu wakati mwingine masaa kumi kwa usiku mbili. Wakilala manne, homoni inayosema nimeshiba ilishuka asilimia 18, homoni inayosema nina njaa ikapanda asilimia 28, na walichokitamani zaidi ni vitu vitamu, vyenye chumvi na wanga. Usiku mbili tu. Nyie mnafanya hivyo wiki nne. Kwa hiyo usijilaumu kwamba huna nidhamu ukijikuta saa saba usiku umeshika andazi, mwili wako umesukumwa, ila ujue unasukumwa na nini.

Na tukiwa hapohapo kwenye usiku. Ukilala mate yanapungua karibu yanasimama, kinga kubwa ya kinywa inaondoka, ndio maana mswaki wa usiku una uzito kuliko wa asubuhi. Lakini nyie mnapanga kupiga mswaki mkimaliza kusoma, halafu hammalizi, mnapitiwa na usingizi juu ya daftari mkiwa na utamu mdomoni. Ushauri wangu, na huu naomba muujaribu hata kama mengine yote mtayaacha, piga mswaki kabla ya kuanza kusoma. Saa tatu usiku umeshakula, piga mswaki dakika mbili, dawa yenye floraidi kuanzia kipimo cha ppm 1000 mpaka 1500, tema povu usisukutue na maji mengi, pitisha uzi katikati ya meno, halafu kaa usome na chupa ya maji tu. Utaona mambo mawili, meno yamelindwa hata ukipitiwa na usingizi, na mkono hauendi kwenye halfkeki kirahisi kwa sababu mdomo umeshafungwa kwa siku hiyo. Kwa anayetumia mswaki wa mti hakuna shida, Shirika la Afya Duniani lilishahimiza matumizi yake tangu miaka ya 1980, tafuna ncha ilainike, fika mpaka nyuma, ila bado tafuta dawa yenye floraidi.

Nije kwenye uzito wenyewe, na hapa naomba tuongee kwa heshima. BMI mnaijua, kilo gawanya kwa urefu wa mita mara wenyewe, mtu wa mita 1.70 mwenye kilo 78 anapata 27, kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene, chini ya 18.5 ni pungufu. Ni kipimo cha kuanzia tu, mcheza mpira mwenye misuli anaweza kutoka na 26 na hana tatizo, ndio maana pima na kiuno, kikizidi nusu ya urefu wako kaa chini ufikirie. Utafiti wa STEPS, ule wa vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza, wa mwaka 2012 hapa Tanzania ulikuta kama mtu mmoja kati ya wanne wa miaka 25 mpaka 64 ana uzito uliozidi, na wanawake zaidi kuliko wanaume.

Ugumu wetu sisi ni kwamba huku kwetu kunenepa ni sifa. Unarudi nyumbani likizo mama anashangilia, umenawiri, chuo kimekukubali. Ukipungua kilo nne kwa makusudi majirani wanaanza kunong'ona huyu anaumwa nini, na kwa miaka ya Ukimwi tuliyopitia kunong'ona huko kuliua watu kwa aibu kabla ya ugonjwa. Halafu upande mwingine hapahapa chuoni mtu anaitwa bonge mbele ya darasa zima, mwingine kimbaumbau, na watu wanacheka. Acheni. Anayeitwa bonge hatoki kwenda kukimbia, anaenda kujificha na kula. Na mnajifunza tabia hiyo mkija nayo kitini kwa mgonjwa, mgonjwa mnene anayehisi amedharauliwa harudi, na ugaga wake unabaki.

Uzito nao unarudi kwenye fizi. Mafuta ya tumboni hayakai kimya, yanatoa kemikali zinazochochea uvimbe mwili mzima, TNF alfa, intalukini 6, mmezisoma kwenye patholojia mkadhani ni za mtihani. Watu wenye unene wanaonekana kuwa na ugonjwa wa fizi zaidi, na kisukari kinaingia katikati, kisukari kinaharibu fizi na fizi mbovu inafanya sukari ya damu iwe ngumu kudhibiti. Aubrey Sheiham na Richard Watt waliandika mwaka 2000 kwamba tuache kushughulika na meno peke yake kana kwamba hayana mwili, tushughulike na vyanzo ambavyo magonjwa mengi yanachangia. Nilipoisoma hoja hiyo nilibadilisha namna ninavyoongea na wagonjwa mpaka leo.

Sigara na shisha sitakaa sana, mnajua, na daktari wa meno anayevuta anapoteza haki ya kumshauri mtu. Pombe ina kilokalori saba kwa kila gramu, hesabuni wenyewe. Mazoezi ni dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka, sio lazima jimu, shuka daladala kituo kimoja kabla, panda ngazi, na hii kazi yetu ya kukaa umejikunja juu ya kichwa cha mtu inahitaji mgongo wenye nguvu, ukianza kuumwa mwaka wa nne utafikaje miaka 50.

Walimu wangu, hapa nawageukia nyie kwa unyenyekevu. Tunawapangia hawa watoto leksha saa mbili, kliniki saa nne, leksha saa saba, na hatuwaachii nusu saa ya kukaa kula. Halafu kantini inauza soda na andazi na hakuna maji ya bure ya kunywa. Nusu saa ya mlo kwenye ratiba ya kliniki na dumu la maji kila korido, hivyo viwili vitafanya kazi kuliko hotuba yangu hii yote.

Na nyie wadogo zangu, mkitoka hapa mlango wa nyuma mtakuta mizani, tepu na vidonge vya rangi vya kuonyesha ukoga. Kaeni wawili wawili, kila mtu achague anayemwamini, mpimane kilo, urefu, kiuno, halafu tafuna kidonge mwenzako akuhesabie nyuso za meno zilizobaki na rangi. Majina hayaandikwi popote, kila mtu anabaki na karatasi yake. Mizani na tepu zitabaki kwa mhudumu wa maabara, na wiki ya pili ya UE mtapimana tena, watu walewale wawili. Sasa nipeni maswali, tuanze na mwaka wa kwanza.